Usikiri kosa ambalo hukulifanya

Pole sana, ndugu yangu. Unasema umeitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo kwa kuwa kazi yako ya masomo inafanana na ya mwenzako, na marafiki wanakuambia ukiri tu yaishe. Mimi nakusihi usifanye hivyo. Ukishakiri, hata rufaa inakuwa ngumu.

Soma barua ya wito kwa makini: inataja kanuni ipi, na kosa gani hasa? Kama haitaji, uliza kwa maandishi. Omba pia kuona ushahidi kabla ya siku ya kikao, maana huwezi kujibu usichokijua. Ripoti ya programu ya kupima ufanano huonyesha tu maneno yanayolingana, yakiwemo manukuu na orodha ya marejeo. Peke yake haisemi nani alimwiga nani. Hapo ndipo rasimu zako za awali, historia ya faili na barua pepe ulizomwandikia mhadhiri zinapokuwa na uzito mkubwa. Zikusanye leo.

Lakini kama ulimpa mwenzako kazi yako akanakili, sema hivyo waziwazi. Vyuo vingi huhesabu hilo nalo kuwa kosa, ila adhabu huweza kuwa nyepesi. Na tafadhali usikutane naye kupanga maelezo.

Uliza kama unaruhusiwa kwenda na msindikizaji, mfano kiongozi wa serikali ya wanafunzi. Uamuzi ukitoka, angalia mara moja muda wa kukata rufaa. Mara nyingi ni mfupi.