Kwa wanaoanza kusoma sura za mto: uliza maji kwanza

Wengi mnaoanza somo hili mnakariri orodha: bonde lenye umbo la V, maporomoko, kona, tuta asilia, delta. Orodha husahaulika wiki moja baada ya mtihani. Ukikutana na umbo lolote, jiulize: maji yalipofika hapa yalikuwa na nguvu ya kuchimba, au yaliishiwa nguvu yakautua mzigo wao wa mchanga na udongo?

Anzia kwenye kona, na usiharakishe kuondoka hapo. Mto unapopinda, maji ya juu husukumwa kuelekea ukingo wa nje, hushuka yakiuguguna, kisha hurudi chini chini yakifuata sakafu hadi upande wa ndani, yakikokota mchanga. Albert Einstein aliandika juu ya mzunguko huu mwaka 1926, na alianza na majani ya chai: ukikoroga kikombe, majani hukusanyika katikati ya sakafu badala ya kutupwa pembeni. Kwa hiyo ukingo wa nje huwa wima na wenye kina, na ndani hukua fungu la mchanga. Kona ikizidi kujipinda, shingo ya ardhi iliyobaki hukonda mpaka siku moja, mara nyingi wakati wa mafuriko, mto unaikata. Mkondo wa zamani huzibwa na mashapo (mchanga na udongo ulioachwa na maji) kwenye ncha zake, ukabaki ziwa lenye umbo la upinde. Chanzo ni kimoja, maumbo ni manne.

Yapo mambo ambayo akili hukubali haraka mno. Moja ni kwamba mto huenda kasi milimani na kuzubaa tambarareni. Watafiti wa mito Leopold na Maddock walipochambua vipimo vya mito ya Marekani, mwaka 1953, walikuta kasi ya wastani kwa kawaida huongezeka kidogo kadiri mto unavyoshuka, kwa kuwa kina huongezeka na msuguano hupungua. Yale mapovu ya mlimani yanadanganya macho. Jingine: chembe ndogo zaidi ndiyo rahisi kung'olewa. Mtafiti wa mito Hjulström alionyesha mwaka 1935 kwamba udongo wa mfinyanzi, kwa sababu chembe zake hushikana, huhitaji maji ya kasi zaidi kuliko mchanga. Ukishang'oka tu, husafiri mbali hata kwa mkondo mdogo.

Maporomoko nayo yasomwe kwa tahadhari. Mfano wa vitabuni, mwamba mgumu juu na laini chini, unaifaa Niagara ya Amerika Kaskazini, iliyorudi nyuma kama kilomita 11. Lakini maporomoko ya Victoria, kwenye mto Zambezi, yote ni basalti, mwamba mgumu wa volkano. Mto umefuata nyufa za mwamba, ndiyo maana makorongo yake yanakwenda zigizaga.

Ukipewa swali, chora kwanza mkato wa mto, weka mishale ya maji, onyesha panapochimbwa na panapotuliwa mzigo. Jina la umbo liandike mwisho.