Usimwage Mchanga Unaobaki Ukichuja Tope la Ziwa

Mdogo wangu alipokuja Dar es Salaam likizo ya Desemba, mama alimwagiza sangara. Mimi nilimwagiza tope. Alinichotea chupa moja kandokando ya Ziwa Victoria, ikapanda basi kutoka Mwanza. Jioni tatu mfululizo nilichuja lile tope, nikaweka maji yake kwenye hadubini, na mchanga uliobaki nikaumwaga. Jioni ya nne nikauchungulia kabla ya kuumwaga. Punje moja ikatembea.

Ilikuwa Difflugia, aina ya ameba, kiumbe wa seli moja tu. Huokota vijichembe vya mchanga, akavigandisha na kujijengea gamba mfano wa chungu. Mdomo wa chungu ndio mlango: anatoa vidole vya ute, anajivuta, anarudi ndani. Wengi hawafiki hata nusu milimita. Roho iliniuma nilipokumbuka nilichomwaga siku zile tatu.

Kwa hiyo ukipata tope, chukua la juujuu tu, unene wa kidole, kwa sababu huko ndiko wanakoishi. Pitisha kwenye chujio la chai kuondoa majani, acha yaliyopita yatulie dakika chache, mwaga maji ya juu taratibu, kisha chukua tone kutoka chini kabisa. Anza na ukuzaji wa mara 40. Punje ya kawaida ina pembe ovyoovyo. Wewe tafuta iliyo na mdomo. Ukiona kisahani cha kahawia chenye tundu katikati, huyo ni Arcella, na gamba lake hatumii mchanga, hulitengeneza mwenyewe kwa protini.

Magamba matupu utayakuta mengi kuliko wenye uhai. Usiyadharau. Hudumu topeni miaka na miaka, na wanasayansi huyachimbua sakafuni mwa maziwa ili kujua maji ya zamani yalikuwaje.

Lenzi zako zifungie kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Joto na unyevu wa Dar huziotesha kuvu.

Jambo moja lilinitia hofu: mdogo wangu aliingia majini pekupeku. Ziwa Victoria lina kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi. Nilimpeleka kupima siku ileile niliyojua. Sasa anarudi Mwanza na gambuti, glavu, na kopo nililomfungia kwenye fimbo ndefu.