Ile picha ya Roma, shemeji yenu hakuipiga

Juzi Jumapili nimefungua simu nikakuta ujumbe wa dada mmoja wa Mwanza. Yeye na mumewe wanatimiza miaka kumi ya ndoa mwezi wa tisa, wamejibana, hela imepatikana, wanataka kwenda kutembea Ulaya. Kaniwekea na ratiba kabisa: Amsterdam, Brussels, Paris, Milan, Venice, Roma, Barcelona. Siku kumi na mbili. Mwisho kaandika, "Dada, wewe umeshafika, niambie tu kama inawezekana."

Kuwezekana, inawezekana. Mimi Juni 2025 nilipita miji mitano kwa siku kumi na moja na picha mliziona. Mlisema maneno mazuri sana na sitajifanya sikuyafurahia, niliyasoma yote, mengine mara mbili. Ila kuna siku moja ya safari ile niliwadanganya. Leo naisema, kwa ajili ya huyu dada.

Nianze na hela, maana najua wengi wenu mna ndoto hiihii. Tulikusanya miaka mitatu. Mimi kikoba, Baba Neema hesabu ya bodaboda zake mbili. Wifi yangu aliposikia alisema mbele ya watu, "Si mngepiga plasta nyumba kwanza?" Nyumba yetu ya Chanika ni kweli haina plasta ya nje. Mpaka leo haina. Lakini wifi huyohuyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba nimletee manukato kutoka Paris, na nikamletea.

Mara ya kwanza viza tulinyimwa. Ubalozi siutaji. Tulikuwa tumevunja kikoba, nikaichukua hela yote nikaiweka benki kwa mkupuo, wiki moja kabla ya kupeleka maombi. Yeyote akiangalia taarifa ile ya benki ataona akaunti ilikuwa inalala njaa mwaka mzima, ghafla imeshiba. Kosa la pili, tuliomba kwenye nchi ambayo rafiki yangu alisema "wale hawana shida", wakati siku nyingi hatukuwa tunakaa kwao. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ada ni euro 90 kwa kila mtu mzima, tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Euro 180 zikaenda, tukapewa karatasi yenye visanduku, kimoja kimewekewa alama. Nililia. Baba Neema hakulia, akasema tu, "Tutarudi."

Tukarudi baada ya miezi saba. Safari hii hela ilikuwa inapita benki kidogokidogo kila mwezi, bima ya safari tulikata ile ya kufidia angalau euro 30,000 kama wanavyotaka, na tuliomba Ufaransa kwa sababu Paris tulipanga usiku nne. Tukapata. Kwa hiyo wale wanaosema sisi hatupewi viza, tunapewa. Jipange.

Ndege siielezi, ndege ni ndege.

Ratiba niliitengeneza mimi. Niliichapa kwa rangi, kila mji rangi yake, kila saa na jambo lake. Baba Neema alipoiona aliuliza swali moja, "Kula ni saa ngapi?" Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Amsterdam tulikaa usiku mbili. Mji ni mzuri, maji kila upande, lakini njia za baiskeli zile nyekundu msizichezee. Tulisimama kupiga picha tukazomewa na kengele kama mbuzi walioingia shambani. Nyumba ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni wakati wa vita, hatukuingia. Tiketi zinauzwa mtandaoni tu, na hutolewa kila Jumanne kwa ajili ya siku za wiki sita mbele. Mimi nilikuwa najua habari za rangi za ratiba, hiyo sikujua. Tukasimama nje, tukaangalia mlango, tukaondoka.

Brussels tulishuka kwenye treni kwa nusu siku ili tu niseme nimefika. Tulikwenda kuona kile kisanamu cha mtoto anayekojoa, Manneken Pis. Kina sentimita kama 55 hivi. Baba Neema aliangalia, akaniangalia mimi, akauliza, "Ndiyo haka?"

Sasa Paris. Hapa nitakaa kidogo.

Juni Paris jua linazama karibu saa nne usiku. Sisi watu wa huku, jua likizama saa kumi na mbili na nusu mwili unajua kazi imekwisha. Kule mwili haujui. Tulikuwa tunatembea tu, mchana hauishi, na mimi nasema bado mapema, bado mapema, kumbe ni saa tatu usiku na mwenzangu hajala tangu asubuhi. Na viatu! Nilikuwa nimenunua viatu vipya Kariakoo kwa ajili ya picha. Siku ya pili nilikuwa na malengelenge visigino vyote viwili. Metro ya Paris ina ngazi nyingi mno, na lifti chache. Nendeni na viatu vilivyokwishazoea miguu yenu. Hili nitalirudia.

Louvre, lile jumba la makumbusho, tuliingia asubuhi, tiketi wakati ule euro 22, na muda wa kuingia unachagua mwenyewe. Jumanne wanafunga, msije mkaenda. Moja kwa moja kwa Mona Lisa kama watu wote. Chumba kimejaa, simu zimeinuliwa juu, mlinzi anasukuma watu kwa mkono kama kondakta. Nilipigana mpaka mbele, nikapata picha yangu. Mchoro wenyewe ni sentimita 77 kwa 53, uko nyuma ya kioo. Nikasikia nyuma yangu, "Ndiyo haka?"

Halafu akageuka. Ukutani mwa upande wa pili, ule ambao watu wote wameupa mgongo, kuna mchoro wa mchoraji Veronese wa harusi ya Kana, ile ya Biblia ambako Yesu aligeuza maji kuwa divai. Karibu mita saba kwenda juu na karibu mita kumi kwa upana. Meza ndefu, wageni, wapiga muziki, mbwa, watumishi wanamimina kutoka kwenye mitungi, na Yesu katikati ametulia kama vile harusi si yake. Baba Neema alisimama pale akaacha kuongea. Mume wangu ni mtu wa spea za pikipiki, hajawahi kuniambia neno kuhusu mchoro wowote. Akaanza kunionyesha: yule pale ndiye anayeonja divai, yule bwana harusi kakaa pembeni kabisa, hata hatazamwi. "Kama mimi siku ile," akasema. Siku ya harusi yetu walikuwa wamemsahau, ndugu zangu wote walikuwa wanapiga picha na mimi.

Mnajua nilifanya nini? Niliangalia saa. Mnara wa Eiffel tulikuwa na tiketi ya saa nane, na kabla ya hapo nilitaka picha kwenye ile piramidi ya kioo. Nikamvuta mkono. Tulikuwa tumesimama pale dakika tano, labda sita.

Eiffel, mnara wa mita 330, tukapanda, upepo, picha mnazo. Montmartre, kile kilima cha watalii, jamaa mmoja alimfunga Baba Neema uzi kidoleni kabla hajajua kinachoendelea, akadai euro ishirini. Mikono mifukoni mkifika pale. Kanisa kuu la Notre-Dame limefunguliwa tena tangu Desemba 2024 baada ya ule moto wa 2019, na kuingia ni bure, lakini mimi nililipa dakika ishirini kwa sababu ratiba ilisema ishirini. Siku ya mwisho njaa ya ugali ilitupeleka Château Rouge, mtaa wa Waafrika. Ukitoka tu kituoni unakuta mihogo, ndizi za kupika, samaki wakavu, wamama wanaita wateja utadhani uko Buguruni. Ndiyo siku pekee Paris Baba Neema alicheka kwa sauti, na ndiyo siku pekee haikuwa kwenye ratiba.

Kwenda Milan nilikata ndege ya bei poa. Poa kweli. Lakini uwanja unaoitwa wa Paris uko Beauvais, kama kilometa 85 kutoka mjini. Ni kumwambia mgeni ameshuka Dar kumbe yuko Chalinze. Na kule tulikoshuka ni Bergamo, nako si Milan. Basi mbili, mzigo ukapimwa ukazidi, tukalipa. Ukijumlisha, bei poa ikawa si poa. Milan tulilala usiku mmoja, tukapiga picha mbele ya kanisa kuu, basi. Karamu ya Mwisho ya Leonardo iko mji huohuo, tena ukutani palepale alipoichora. Watu huingizwa kwa makundi madogo kwa dakika 15 na tiketi huisha mapema sana. Mume wangu Mkatoliki alikuja kuyajua hayo tukiwa tayari kwenye treni ya Roma.

Roma mwaka 2025 ulikuwa Mwaka wa Jubilei, mwaka mtakatifu wa Wakatoliki. Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro, ambao kwa kawaida hufunguliwa kila baada ya miaka 25, ulikuwa wazi. Mahujaji wamejaa, vikundi vinatembea na misalaba, wanaimba. Mimi nilikuwa nimeipangia Vatikani saa mbili asubuhi mpaka saa nne, kisha Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, saa tano na nusu.

Saa nne ikafika tuko bado kwenye foleni ya ukaguzi. Nikamwambia tutoke, tutakosa Colosseum. Hakujibu. Nikarudia. Ndipo akasema, si kwa ukali, kwa ile sauti ya mtu aliyekwishachoka: "Mama Neema, tumekuja kuona au tumekuja kuonekana?"

Na nyuma yetu kulikuwa na kundi la mahujaji kutoka Kenya. Walisikia kila neno. Mama mmoja mtu mzima akaniangalia kwa huruma akasema, "Pole, mama." Ile pole inaniuma mpaka leo kuliko maneno ya mume wangu. Nilikasirika, nikatoka kwenye foleni, nikaenda Colosseum peke yangu. Yeye akabaki.

Tiketi za Colosseum zina jina la mtu na saa ya kuingia. Ya Baba Neema sikuweza kumpa mtu wala kuiuza, euro 18 zikaenda hivihivi. Nilizunguka ndani ya jengo lililofunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo, na sikumbuki kitu zaidi ya visigino vyangu. Kisha nikaenda chemchemi ya Trevi. Nikatupa sarafu, mkono wa kulia juu ya bega la kushoto kama wanavyofanya, na nikamwomba msichana mmoja nisiyemjua anipige picha. Picha ile ndiyo mliyoipenda kuliko zote. Mkauliza, "Shemeji yuko wapi?" Nikajibu, "Ndiye anayepiga."

Hakuwa yeye. Yeye wakati huo alikuwa amepita Mlango Mtakatifu na wale Wakenya, wamemgawia na maji na chapati za asubuhi. Jioni nilimkuta hotelini ana rozari aliyomchukulia mama yangu mzazi. Mama yangu, si wa kwake. Tulikula tambi bila kuongea sana.

Kwa hiyo, dada wa Mwanza, na wengine wote mnaoniandikia. Punguza miji. Siku kumi na mbili ni miji miwili, ukizidi sana mitatu. Kila ukibadili mji umepoteza nusu siku: kufungasha, kituo, mzigo, kutafuta hoteli, kusubiri chumba. Viatu vilivyozoea, nilisema nitarudia. Chukua khanga kwenye mkoba, makanisa ya Roma hawakuingizi mabega na magoti yakiwa wazi. Maji Roma usinunue, mabomba ya barabarani yanatiririka maji safi ya kunywa bure. Kahawa Italia kunywa umesimama kaunta, ukikaa mezani bei inapanda.  Na kula kuwe na saa yake.

Na tuambizane ukweli, akina mama wenzangu. Ratiba tunazipanga sisi. Tunajua mwenzetu anapenda nini, miaka kumi tumelala naye kitanda kimoja, halafu tunapanga kama vile tunasafiri na wale watakaoangalia picha. Muulize kabla hujakata tiketi: wewe ukifika huko unataka kuona kitu gani kimoja? Mimi sikuuliza. Na nyie akina baba msiseme "popote tu, panga wewe" halafu mkanune kwenye foleni ya Vatikani. Ungesema tangu Chanika, ningesikia. Labda ningesikia.

Tangu tumerudi, Baba Neema ameweka ule mchoro wa Kana kwenye kioo cha simu yake. Anasema tukirudi ni Paris peke yake, siku saba, na siku ya kwanza asiwepo mtu wa kumwambia saa. Nimemwambia Louvre wamepandisha, tangu Januari 2026 sisi tusio wa Ulaya ni euro 32 kila mtu, na nyumba bado haina plasta.

Kanijibu, "Plasta ingoje."