Tumbo: kusikiliza kwanza au kupapasa kwanza?

Unapompima mgonjwa tumbo, sikiliza kwa stetoskopu kabla ya kupapasa kwa mkono: tazama, sikiliza, gonga kwa vidole, ndipo upapase. Kifuani mpangilio ni mwingine (tazama, papasa, gonga, sikiliza), na hapo ndipo wanafunzi wengi wa udaktari wanapochanganya. Sababu inayotolewa ni kwamba ukishabonyeza matumbo unaweza kubadilisha sauti zile zile unazotaka kuzisikia.

Ila ujue vyuo vingi vya Uingereza hufundisha kupapasa kwanza na stetoskopu mwisho, na ushahidi kwamba kupapasa kunaharibu sauti si mzito. Kwenye mtihani fuata mpangilio wa chuo chako.

Mimi nafundisha hili kando ya kitanda, na ninachokazania zaidi ya mpangilio ni mkono wenyewe. Pasha viganja joto. Mwombe mgonjwa akunje magoti kidogo ili misuli ya tumbo ilegee, muulize panauma wapi, kisha anzia mbali na hapo, kwa wepesi kwanza. Macho yako yawe usoni pake, si kwenye vidole vyako: mara nyingi atakunja uso kabla hajasema lolote. Anayebonyeza moja kwa moja penye maumivu atakuta tumbo zima limekaza, na hapo hatahisi ini wala bandama hata likiwa limevimba.

Na usiseme "hakuna sauti" baada ya sekunde 10. Sikiliza dakika kadhaa.