Kabla hujaandika habari za msanii mtoto wa K-pop

Nyie mnaoanza kuandika habari za K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea Kusini, kwa Kiswahili, kabla ya kusifia wimbo, mavazi au uchezaji, tafuteni tarehe ya kuzaliwa ya kila msanii wa kundi. Nimekaa kwenye habari za burudani muda mrefu na sijaona kitu kingine kinachobadilisha stori kama hicho. Hyein wa NewJeans alizaliwa Aprili 2008, na kundi lake lilipotambulishwa Julai 2022 alikuwa na miaka 14. Wonyoung naye alikuwa na miaka 14 kundi lake la IZ*ONE lilipoanza mwaka 2018. Mwimbaji BoA alitambulishwa Agosti 2000 akiwa na miaka 13, kwa hiyo msimwamini anayesema mambo haya yameanza jana.

Hesabu ya umri ifanyeni wenyewe. Hadi Juni 2023, Wakorea wengi walihesabu kwamba mtoto ana mwaka mmoja siku anapozaliwa, na kila Januari mosi wakamwongezea mwingine. Makala ya zamani ikisema msanii ana miaka 16, huenda ni mtoto wa miaka 14.

Hata umri wa kutambulishwa unaficha mengi, na hapa naomba tukae kidogo. Jihyo wa TWICE alikuwa na miaka 18 kundi lake lilipotambulishwa Oktoba 2015. Ukiishia hapo utaona mtu mzima aliyechagua kazi yake. Lakini aliingia JYP, kampuni inayofundisha na kusimamia wasanii, akiwa na miaka 8 na akakaa kwenye mazoezi miaka 10. Karibu maisha yake yote ya shule yalipita chini ya kampuni kabla shabiki yeyote hajalijua jina lake. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa ni aliingia lini, halafu ndiyo nauliza alitambulishwa lini. Na yeye angalau alitambulishwa. Wapo wanagenzi wengi, yaani vijana wanaofundishwa na kampuni kabla ya kutambulishwa, walioondolewa kimyakimya baada ya miaka ya mazoezi, hawana mashabiki wa kuwapigia kelele, na hakuna mwandishi anayewatafuta. Watafuteni.

Sheria ipo, isomeni. Tangu 2014 Korea Kusini imeweka kikomo cha saa 35 za kazi kwa wiki kwa msanii aliye chini ya miaka 15, na saa 40 kwa mkubwa kidogo ambaye bado hajafika utu uzima. Kazi kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi imekatazwa isipokuwa kwa ridhaa na masharti maalumu. Kampuni ikijivunia kwamba vijana wake hufanya mazoezi hadi alfajiri, msiiandike kama sifa ya bidii. Ulizeni nani aliridhia, na kesho yake mtoto alikwenda shule saa ngapi.

Kuhusu pesa, kumbukeni Machi 2017. Tume ya Biashara ya Haki ya nchi hiyo ilizitaka kampuni nane, zikiwemo SM, YG na JYP, zirekebishe mikataba ya wanagenzi. Baadhi ya mikataba ilimtaka mwanagenzi anayevunja mkataba alipe mara mbili au tatu ya gharama zilizotumika kumfundisha. Mzazi gani angethubutu kumtoa mwanaye hapo?

Machi 2025 kituo cha televisheni cha MBN cha Korea Kusini kilikuwa tayari kurusha shindano liitwalo Under 15, lenye wasichana 59, wadogo kabisa wakiwa na miaka 8. Picha za matangazo zilibeba mistari kama ile ya bei kwenye bidhaa za dukani. Waandaaji walijitetea kwamba waliiga vitambulisho vya wanafunzi. Watu wa Korea wenyewe walipinga kwa nguvu, na siku chache kabla ya kurushwa MBN ikaachana nalo. Naomba mlisisitize hilo la Wakorea wenyewe, maana waandishi wa nje hupenda kuandika kana kwamba Seoul nzima imekaa kimya.

Lugha yetu ya burudani nayo ina kazi. "Pisi kali" na "mtoto mkali" visikaribie jina la msichana wa miaka 14, wala msichapishe kilo zake na alichokula. Mtoto akisema amepigwa, kama alivyofanya mwanamuziki wa kundi la The East Light Oktoba 2018 dhidi ya produza ambaye baadaye alifungwa, hiyo ni habari ya jinai. Haikai safu moja na nani anatoka na nani.

Mkishapata wasomaji, watoto wa miaka 12 wataanza kuwaandikia ninyi wakitaka kujua watume wapi video ya majaribio ya kujiunga na kampuni. Msimjibu mtoto peke yake. Mwombeni mzazi aandike. Mwambieni mzazi kwamba majaribio ya kampuni kubwa ni ya bure, na anayedai ada ni tapeli. Kisha aulize mkataba ni wa miaka mingapi, maana mkataba wa mfano wa serikali ya Korea wa mwaka 2019 unaweka kikomo cha miaka mitatu kwa mwanagenzi. Aulize pia, mtoto akitaka kurudi nyumbani, nani atalipa nini.