Belti mpya, tenshona kuukuu: majibu kwa wenye pikipiki za safari

Tangu niandike kuhusu belti za taimingi za pikipiki kubwa za zamani (zinazounganisha krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na kamshafti, mhimili unaofungua vali), maswali yamefika kutoka Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma na Eldoret. Nimechagua yale yatakayowafaa wengi. Kwanza ombi, nalo nalirudia kwa sababu ujumbe mwingi ninaopata haujibiki: andika modeli na mwaka. "Honda yangu kubwa inapiga kelele" si swali. Honda Gold Wing GL1000 ya 1975, GL1100, GL1200 na GL1500 ya silinda sita zote zina belti, lakini usidhani spea ya moja inaingia kwa nyingine. GL1800 iliyoanza 2001 ina cheni, haimo katika mazungumzo haya.

Nimenunua GL1200 ya 1986 kwa mzee mmoja hapa Milimani. Ina kilomita 48,000 tu. Nimefungua kifuniko, belti zinaonekana kama mpya. Niziache? (Nakuru)

Usiziache. Watu wanahesabu kilomita na kusahau miaka, na hapo ndipo injini nzuri zinapofia. Belti ni mpira wenye nyuzi za kioo ndani yake. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba kazi yote, na huzioni kwa macho hata uwashe tochi. Mpira nao huchoshwa na joto, na belti hizi zinaishi mbele ya injini, nyuma ya rejeta, zimefungiwa. Pikipiki iliyosimama gereji miaka mingi ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu belti imekaa imejikunja mahali palepale kwenye puli, huku ikiwa imekazwa na tenshona, kifaa chenye roli kinachoibana, usiku na mchana.

Kumbuka pia ni injini ya aina gani. Katika GL1000, GL1100 na GL1200 pistoni na vali zinapita nafasi moja kwa zamu. Belti ikikatika, au hata ikiruka meno machache, zamu inavurugika na pistoni inagonga vali iliyo wazi. Vali inapinda. Kazi ambayo ingeisha kwa belti 2 inageuka kuwa kazi ya kufungua hedi.

Kwa hiyo, kama muuzaji hana risiti wala tarehe ya mabadiliko, chukulia kuwa belti ni zile zilizotoka nazo kiwandani, hata akiapa. Badilisha zote mbili pamoja. Andika tarehe na kilomita ndani ya kifuniko kwa kalamu ya rangi. Mimi huzipa miaka 6, uwe umetembea kilomita 60,000 au 6,000.

Na tenshona je? Hujauliza, lakini ndiyo iliyonifanya nichague swali lako. Kufunga belti mpya juu ya beringi ya 1986 ni kufanya kazi nusu. Grisi iliyofungiwa mle ina umri wa pikipiki yenyewe. Siku beringi itakapokwama, belti yako mpya itasuguliwa juu ya chuma kisichozunguka mpaka iungue. Utasema umeuziwa belti mbaya, kumbe belti haina kosa.

Boxer 150 ibadilishwe timing belti baada ya kilomita ngapi? (Kondele, Kisumu)

Haina belti. Ina cheni ya taimingi inayooga ndani ya oili ya injini. Swali hili linaletwa kila mara na jibu ni lilelile: badilisha oili kwa wakati, tena oili halisi, na ukisikia cheni inachakacha kila asubuhi peleka tenshona yake ikaguliwe.

GL1100 ya 1982 inavuma upande wa mbele. Fundi mmoja anasema pampu ya maji, mwingine anasema beringi za tenshona. Nimwamini nani? (Kakamega)

Usimwamini yeyote ambaye hajafungua kifuniko. Ukiwa na bisibisi ndefu, weka ncha kwenye kichwa cha bolti ya tenshona na mpini sikioni, injini ikiwa inaunguruma polepole, kisha sikiliza pampu vivyo hivyo. Angalia mikono na nguo zisije zikashikwa na feni. Hapo utapata mwelekeo tu. Jibu la kweli linapatikana belti zikiwa zimetolewa. Zungusha roli ya tenshona kwa kidole. Ikikwaruza, imekufa. Ikicheza kushoto na kulia, imekufa. Ikizunguka kwa urahisi mno na kuendelea kuzunguka yenyewe, mafundi wengi hufurahi na kusema ni nzima, na hapo wanakosea sana. Beringi yenye grisi hai inashika kidogo na kusimama mapema. Inayotiririka hivyo imekauka ndani.

Tenshona mpya ni ghali na kuagiza ni kusubiri. Fundi wa jua kali anaweza kuifufua hii ya zamani? GL1200, 1985. (Kibuye, Kisumu)

Anaweza, na nakuhimiza ufanye hivyo, mradi ukae naye mpaka kazi iishe. Tenshona ni vitu vichache: bamba la chuma, pini, roli, beringi na springi. Kinachokufa ni beringi. Bamba na roli vikiwa vizima vinaweza kuhudumu tena miaka mingi.

Anza kwa kusoma. Futa ubavu wa beringi vizuri, namba imechongwa pale. Inunue kwa namba hiyo, kisha thibitisha kwa vernia, kile kipimo cha chuma chenye taya: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Beringi inayokaribiana si beringi inayofaa. Chukua yenye sili za mpira pande zote mbili, na kama unaweza kupata yenye nafasi ya ndani ya daraja la C3 (kubwa kidogo kuliko ya kawaida), ni bora zaidi kwa mahali penye joto kama hapa. Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na atakayekuwa dukani kesho. Beringi bandia zimejaa, zikiwa na maboksi mazuri yenye majina ya SKF, NSK na Koyo. SKF wana programu ya simu ya kukagua boksi na beringi kwa picha, itumie. Maandishi yaliyopinda, sili isiyokaa sawa, bei iliyo chini kupita kiasi: rudisha palepale.

Kutoa ya zamani kunahitaji presi, si nyundo. Kabla hajabonyeza, mwambie fundi akuonyeshe pini imeshikwaje. Kama imeshindiliwa tu, inasukumwa. Kama kichwa chake kimepondwa mithili ya riveti, kichwa hicho kinasagwa kwanza, na lazima mkubaliane mapema atairudishaje. Mimi nakataa kuchomelea karibu na beringi mpya, joto linapika grisi na sili kabla pikipiki haijawashwa. Afadhali fundi wa lethi akutengenezee pini mpya.

Wakati wa kuingiza, nguvu ipite kwenye pete inayokaza. Ikiwa beringi inaingia ndani ya roli, sukuma pete ya nje. Ikiwa inavishwa juu ya pini, sukuma pete ya ndani. Ukisukuma pete isiyofaa, nguvu yote inapita kwenye gololi, zinatia vijidoa kwenye njia yake, na beringi mpya inatoka mezani ikiwa tayari imeharibika. Ilaze beringi kwenye friza usiku mmoja na uipashe roli moto kiasi, vitaingiana bila ugomvi.

Halafu kuna mtindo ninaoupinga kwa nguvu zangu zote. Beringi ikilegea ndani ya roli, fundi anachukua punchi na kupiga vidoti pande zote ili ishike. Vidoti hivyo ni vilele vichache vya chuma. Vinalika, beringi inaanza kuzunguka ndani ya makao yake, roli inalala upande, na belti inatembea mpaka ukingoni. Kama kulegea ni kudogo sana, kuna gundi maalumu ya kushikilia beringi. Kama ni kukubwa, roli hiyo itupe, agiza nyingine.

Ukimaliza, laza bamba juu ya kioo na uangalie roli kwa pembe-mraba. Roli iliyoinama hata kidogo haifai. Kagua na springi pia: iliyovutika, yenye kutu au isiyolingana na mwenzake ibadilishwe.

Naweza kuinua sili ya beringi, nitie grisi mpya, nifunge? (Bungoma)

Usithubutu. Ukiinua sili inapinda, vumbi linaingia, na njia za gololi zilizokwisha kulika hazirudi kwa grisi. Beringi ndiyo kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika kazi hii.

Fundi wangu anasukuma tenshona kwa bisibisi mpaka belti inalia kama uzi wa gitaa, ndipo anakaza bolti. Ni sawa? (Naka, Nakuru)

Si sawa, na mwambie aache leo. Kwenye Gold Wing hizi za silinda nne, springi ndiyo inayoamua belti ikazwe kiasi gani. Kazi ya fundi ni kuiachia springi ifanye kazi yake, kisha kufunga bolti. Belti iliyokazwa kupita kiasi inaua beringi, inachosha kamshafti, na inalia ukiwa barabarani.

Injini iwe baridi kabisa. Toa plagi zote nne ili uweze kuizungusha kwa mkono. Leta alama ya T-1 (pistoni ya silinda namba 1 ikiwa juu kabisa) mahali pake na uhakikishe alama za puli za kamshafti zote mbili zinatazamana na alama za injini kabla ya kutoa chochote. Fundi anayetia nukta za rangi juu ya belti kuukuu na kuzihamishia kwenye mpya anaiga kazi ya aliyemtangulia. Kama yule alikosea jino moja, nawe umekosea. Belti mpya usiikunje, usiigeuze ndani nje, usiilazimishe kwa bisibisi. Legeza bolti za tenshona, iache springi ivute, zungusha injini taratibu kwa mwelekeo wake wa kawaida, kaza kwa spana ya torki kulingana na kitabu cha modeli yako. Kisha zungusha krenki mizunguko 2 kamili na ukague alama upya. Ukihisi kitu kigumu kinazuia, simama, usitumie nguvu. Hiyo ni vali.

Kabla hujafunga kifuniko, angalia sili za krenki na kamshafti. Oili ikivuja juu ya belti, mpira unalainika na kuvimba, na kazi yako yote imepotea. Belti iliyolowa oili haioshwi kwa petroli, inatupwa.

Ducati ST2: ni kweli belti hubadilishwa kila miaka 2? (Eldoret)

Ni kweli, ndiyo desturi ya injini hizo. Tenshona zake hazina springi, zinakazwa kwa kipimo, kwa hiyo usifuate maelezo niliyotoa hapo juu ya Gold Wing.

GL1100 yangu ilipoteza nguvu ghafla nikipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit. Ikawa inatetemeka, nikazima. Belti ya kushoto imekatika. Nimepata belti mpya, niifunge nijaribu? (Kisumu)

Ulifanya vyema kuzima. Sasa usiguse stata hata mara moja. Kila belti inaendesha upande wake, kwa hiyo silinda za kulia, namba 1 na 3, zilikuwa bado zinafanya kazi na kuendelea kuzizungusha pistoni za kushoto chini ya vali zilizosimama. Ndiyo maana ilitetemeka badala ya kuzimika.

Zungusha krenki kwa mkono, polepole, mpaka pistoni ziwe katikati ya mwendo, mbali na vali. Ndipo uizungushe kamshafti ya kushoto hadi vali za silinda namba 2 zote zijifunge, na uingize hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi. Sikiliza kwenye ekzosi, kisha kwenye kabureta. Fanya hivyo kwa namba 4. Hewa ikitoka kwa kishindo upande wowote, vali imepinda na hedi inafunguliwa. Ikishika, una bahati, funga belti zote mbili.

Lakini kabla ya hapo itazame roli ya tenshona ya kushoto. Kama ina alama ya bluu au mpira ulioyeyuka juu yake, ilikwama yenyewe kwanza, na ile ya kulia ina umri uleule. Zote mbili zipelekwe kwenye presi kabla belti mpya haijatolewa kwenye karatasi yake.