Albert Heijn: soma kibao kabla hujashika kikapu

Wanaokuja Uholanzi kusoma huniuliza habari za chumba, baiskeli na koti la baridi. Dukani, ambako hela huvuja kila siku, hawaniulizi. Basi nawaambia hivi: mkiona nembo ya AH, yaani Albert Heijn, maduka ya vyakula yaliyoenea Uholanzi, msiingie tu. Tazameni kwanza ni AH ipi.

AH to go ni vile viduka vya stesheni, kama Amsterdam Centraal na Utrecht Centraal. Vimewekewa mtu anayekimbilia treni: kahawa, mkate wenye jibini, saladi ya kula na uma wa mbao. Bei zake ziko juu kuliko ya duka la kawaida la kampuni hiyohiyo. Mimi nikibanwa na njaa nachukua kitu kimoja, natoka.

La kununulia mahitaji ya wiki ni lile la mtaani, lililoandikwa Albert Heijn bila nyongeza. Hapo kuwa na Bonuskaart, kadi ya punguzo ya duka hilo, ya plastiki au kwenye simu; ni bure. Kile kibandiko cha "Bonus" chini ya bidhaa si chako kama hujaskani kadi, utalipa bei kamili. "1+1 gratis" maana yake chukua mbili ulipie moja, kwa hiyo ukifika na moja kaunta umejipunja. Halafu angalia maandishi madogo kwenye lebo ya rafu, yanayotaja bei kwa kilo. Hapo ndipo utajua pakiti kubwa ni nafuu kweli au ni kubwa tu. Ukilipia kwenye mashine, risiti usiitupe: maduka mengi yana kigeti cha kutokea kinachofunguka ukiiskani.

AH XL ni kubwa zaidi, ina bidhaa nyingi zaidi. Nenda ukiwa na orodha, la sivyo utarudi na mishumaa.

Na msidhani kwa kuwa iko kila kona basi ndiyo ya bei nafuu. Ni duka la zamani: mwanzilishi wake, Albert Heijn, alichukua duka dogo la baba yake kijijini Oostzaan mwaka 1887. Waholanzi wamelizoea toka utotoni. Sisi wageni hatuna sababu hiyo: mchele, mafuta na mayai pitieni kwanza Lidl au Aldi, maduka ya bei nafuu, kisha mlinganishe.

Chupa za plastiki na makopo ya soda msitupe. Mmeshalipia amana, senti 15 kwa chupa ndogo au kopo, senti 25 kwa chupa kubwa. Mashine ya kuzipokea inatoa karatasi, na kiasi chake kinakatwa kwenye malipo yako.

Unga wa ugali usisumbuke kuutafuta humo. Nenda kwenye toko, yale maduka ya vyakula vya Asia na Suriname, au duka la Waafrika. Na ndizi za kupika ziko hukohuko.